Nani Kaiharibu Barabara? Kejeli, Kauli ya Kutendeka na Uwajibikaji katika Habari za Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Kiongozi anapoulizwa kwa nini barabara iliyozinduliwa mwaka jana imejaa mashimo, jibu analolizoea ni kwamba "barabara imeharibika kutokana na mvua". Kesho yake chombo cha habari huitangaza kauli hiyo kama ilivyo, nao wananchi huijibu kwa kejeli. Washauri wa sera aghalabu huichukulia kejeli hiyo kuwa utovu wa adabu au kelele za kupita. Makala haya yanadai kwamba ni swali la uwajibikaji, na kwamba swali hilo huchochewa na sarufi ya udhuru wenyewe. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kufuata matumizi ya kila siku.

2. Sarufi ya udhuru

Kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi: "umeme umekatwa na fundi". Kauli ya kutendeka humnyima nafasi hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili hasemi "umeme umekatika na fundi". Husema umekatika, basi. Kauli hii si kosa, kwa kuwa vikombe huvunjika na nguo huchanika. Tatizo huzuka pale tukio lenye mwenye dhamana linapoelezwa kana kwamba limejitokea: makosa yamefanyika, mradi umekwama, daraja limevunjika. Kirai "kutokana na" huongeza kinga, maana mvua haiwezi kuitwa mbele ya kamati ya bunge.

Hapa ndipo udhuru wa mwanasiasa na uzembe wa mwandishi wa habari hukutana. Mwandishi akikichukua kitenzi cha msemaji bila kuuliza mkandarasi alikuwa nani na nani aliidhinisha kazi, udhuru hugeuka kuwa habari.

3. Kejeli kama mwangwi

Sperber na Wilson (1981) walieleza kwamba msemaji wa kinaya huyarudia maneno au mawazo ya mwingine ili kuonyesha msimamo wake wa kuyakataa. Kiswahili hufanya hivyo kwa zana zake. Kiambishi kirejeshi "ji" kinatosha: "Kumbe barabara imejiharibu!" Neno "imeharibika" limerudiwa kwa badiliko dogo, na upuuzi wa kukosekana kwa mtenda umefichuka. Zana nyingine ni pongezi za kinyume na kumpa pole asiyestahili: "Poleni viongozi, mvua inawaonea."

Mifano mitatu inaonyesha uwezo na mipaka ya mbinu hizi. Tarehe 7 Juni 2016 umeme ulikatika nchini Kenya, na kampuni ya KenGen ikaeleza kwamba tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Wakenya walimcheka tumbili huyo mitandaoni, ilhali maelezo yalikuwa na ushahidi wa picha. Mtenda alikuwa amepatikana; kilichokosekana ni jibu la kwa nini mnyama mmoja aweze kuitia nchi gizani. Kejeli, basi, haithibitishi kwamba msemaji amedanganya. Huonyesha mahali ambapo maelezo hayatoshi.

Mfano wa pili unahusu habari. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, CNN iliielezea Kenya kuwa kitovu cha ugaidi. Wakenya waliijibu kwa anwani ya #SomeoneTellCNN, yaani mtu aiambie CNN, ambayo walikuwa wameitumia tangu 2012. Mwezi uliofuata Tony Maddox, mkuu wa CNN International, alifika Nairobi na kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Mfano wa tatu ni wa Uganda. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchoraji katuni, alianzisha "maonyesho" ya mashimo ya barabara mtandaoni. Wananchi walituma picha za mashimo ya mitaa yao kana kwamba ni kazi za sanaa. Rais Museveni aliagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa ukarabati jijini Kampala. Maonyesho hayo yalifua dafu kwa sababu kila mzaha uliambatana na ushahidi unaoonekana.

4. Hitimisho na mapendekezo

Hatari iliyopo ni sheria kuisoma kejeli sisisi. Maneno yanayosema kinyume cha maana yake yakipimwa kwa kamusi pekee, huonekana kuwa uongo au matusi. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa hakikuwa bayana. Uamuzi huo ni somo kwa watunzi wa sheria katika nchi jirani.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyumba vya habari viwe na kanuni kwamba kila kitenzi cha kutendeka katika taarifa ya serikali kifuatwe na swali "nani?". Pili, idara za umma zikusanye kejeli kama zinavyokusanya malalamiko, maana zote mbili hutaja mahali penye kasoro. Tatu, mashauri yanayohusu kejeli yasikilizwe kwa msaada wa wataalamu wa pragmatiki ya Kiswahili. Mwananchi anayesema "barabara imejiharibu" anajua fika kwamba barabara haijiharibu. Anachosubiri ni jina.