Kipeperushi Kimoja, Maombi Kumi

Muuguzi wa kliniki ya kisukari anapoitumia akili unde kuandika kipeperushi cha utunzaji wa miguu, mara nyingi huagiza kwanza, akafikiri baadaye. Jibu la kwanza huwa refu mno. La pili limejaa lugha ya vitabuni. La tatu limesahau viatu. Kila jibu huchakatwa na seva zinazotumia umeme na kupozwa, aghalabu kwa maji. Mwaka 2025 Google ilieleza kuwa ombi la kawaida la maandishi kwa Gemini hutumia wati-saa 0.24 za umeme na mililita 0.26 za maji, yaani matone kama matano. Ni kidogo, hakika. Lakini vituo vya data, kwa kazi zake zote, vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024.

Afadhali muuguzi aanze kwa kalamu: kukagua nyayo kila siku, kukausha katikati ya vidole, kutotembea peku, kuwahi kituoni aonapo kidonda. Kisha aombe mara moja tu, akitaja msomaji na urefu. Mchoro wa mguu auchore mwenyewe, kwani kuzalisha picha huweza kula umeme zaidi. Daktari akishakihakiki, kipeperushi kihifadhiwe na kupelekwa kliniki za jirani, zisikiagize upya.