MOTOKAA ILIYOPUNGUA KITU NJIANI

Siku ya wanafunzi wa zamani mwaka jana nilialikwa kuzungumza na vijana wa kidato cha tatu juu ya motokaa za umeme, maana kazi yangu ni ufundi wa umeme wa magari. Nilieleza habari za betri na mota, nikadhani nimeeleza vizuri. Mwisho kijana mmoja aliyekaa nyuma akasimama akauliza: "Mzee, nimesikia ya kuwa huko Marekani mtu huagiza motokaa ya umeme yenye vitu kadha wa kadha, kisha ikaja bila baadhi ya vitu vile, na bei ni ile ile. Je, huo si wizi?" Kengele ikalia kabla sijamjibu. Mhariri ameniomba nijibu katika gazeti letu, nami nafanya hivyo kwa furaha.

Lakini kwanza nitasimulia habari ya baiskeli. Nilipokuwa kidato cha pili, marehemu baba aliuza kahawa yake akaninunulia baiskeli, maana toka kwetu hata shule ilikuwa maili sita. Aliichagua kwa picha iliyobandikwa ukutani dukani: baiskeli nyeusi yenye kengele, kiti cha mizigo, na taa ya dainamo. Siku ya kuichukua tukakuta vyote vipo ila taa. Mwenye duka akasema, "Mzee, taa itakuja na mzigo wa mwezi ujao. Tia sahihi hapa." Baba akatia sahihi kwamba amepokea baiskeli kamili, akalipa bei ile ile. Mwezi ukaja, taa haikuja. Katika muhula wa tatu, jioni moja nikitoka shule giza limekwisha kuingia, niliangukia shimoni nikavunjika mkono wa kulia. Sikufanya mtihani wa mwisho wa mwaka, na darasa nikalirudia. Baba alipokwenda dukani mara ya mwisho alikuta mlango umefungwa na mwenye duka amehama.

Jambo la motokaa za umeme ni lile lile, ila limekuwa kubwa zaidi.

Yafaa mjue ya kuwa motokaa ya siku hizi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni vyombo vyenyewe: chuma, nyaya, kamera, viti. Ya pili ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta ya motokaa, yanayoviambia vyombo vifanye nini. Maagizo hayo yaweza kubadilishwa kwa mawimbi ya redio hali motokaa imelala nyumbani kwa mwenyewe. Kwa hiyo kitu kilichotangazwa chaweza kukosekana kwa njia mbili: ama chombo hakikutiwa kiwandani, ama chombo kimo lakini maagizo yake hayajaandikwa. Na katika njia zote mbili mwuzaji ana neno moja la kumtuliza mnunuzi: "Itakuja."

Chukueni mfano wa kampuni ya Tesla ya Marekani. Mwezi wa Mei 2021 ilitangaza kwamba motokaa zake za Model 3 na Model Y zinazotengenezwa kwa soko la Amerika ya Kaskazini hazitatiwa rada tena, bali zitategemea kamera. Watu waliokuwa wamekwisha agiza waliambiwa ya kuwa watajulishwa badiliko hilo kabla ya kukabidhiwa motokaa zao. Kwa muda, mashini ya kushika usukani yenyewe iliwekewa kikomo cha mwendo wa maili 75 kwa saa, na ilibidi motokaa iache nafasi kubwa zaidi nyuma ya nyingine. Gazeti la Consumer Reports, ambalo kazi yake ni kupima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, liliiondoa Model 3 katika orodha ya motokaa lilizozisifu sana, kisha likairudisha baada ya kuona matokeo ya vipimo vipya.

Mwezi wa Oktoba 2022 kampuni hiyo ikaendelea mbele. Safari hii iliacha kutia vihisi 12 vilivyokuwa katika bampa za mbele na nyuma. Vihisi hivi hufanya kazi kama popo. Popo hutoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kisha husikiliza mwangwi wake. Kihisi nacho hutoa sauti ya namna hiyo, na kompyuta hupima muda mpaka mwangwi urudi. Ninyi mnaosoma fizikia mnajua ya kuwa sauti huenda karibu meta 340 kwa sekunde. Basi ikiwa ukuta uko meta 1.7 nyuma ya motokaa, sauti itakwenda na kurudi meta 3.4, na itatumia sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa hesabu hii dereva huambiwa amebakiwa na nafasi gani.

Walionunua baada ya vihisi kuondolewa walikuta motokaa yao haiwezi kuwaambia umbali wa ukuta, wala kujiegesha yenyewe, wala kuja ilipo mwenyewe akiiita. Kampuni ilisema kamera zitajifunza kazi hiyo, na kwamba mambo hayo yatarudi. Hapana budi niseme kweli: yalirudi. Kipimo cha umbali kilirudi mwaka 2023, na kujiegesha kukachelewa hata mwaka 2024. Lakini aliyelipa mwaka 2022 alilipa siku ile, hakulipa mwaka 2024.

Kwa nini kiwanda kifanye hivyo? Sababu ya kwanza ni hesabu. Mwaka 2022 Tesla ilitengeneza motokaa zaidi ya 1,300,000. Tuseme, kwa mfano tu, kifaa kimoja chagharimu dola 10. Kukiacha katika kila motokaa ni kuokoa dola 13,000,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo iliondoa kwenye kiti cha abiria wa mbele kile kifaa kinachosogea kuegemeza kiuno. Mkuu wake, Elon Musk, alieleza kwamba kumbukumbu za motokaa zilionyesha kifaa hicho hakitumiki sana, kwa hiyo hakistahili gharama na uzito wake. Neno hilo lina maana kwa mwenye kiwanda. Kwa yule mmoja mwenye maumivu ya kiuno, halina.

Sababu ya pili ni upungufu. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 viwanda vingi vya motokaa vilipunguza maagizo ya chipu, yaani vile vipande vidogo vinavyofanya kazi ya ubongo katika vyombo vingi vya umeme. Waliotengeneza kompyuta na simu wakazichukua. Watu walipoanza kununua motokaa tena, chipu hazikutosha, na mwezi wa Machi 2021 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas cha kutengeneza chipu huko Japani. Ikawa afadhali kutoa motokaa yenye pungufu kuliko kuiacha uani. Mwaka ule BMW iliuza Marekani baadhi ya motokaa zake za petroli bila kioo kile kinachoamriwa kwa kidole, lakini ilimpunguzia mnunuzi dola 500. Hapo naona uungwana: kitu kimepungua, na bei imepungua.

Sasa natoa mfano wa "itakuja" isiyofika. Kampuni ya Fisker ya Marekani iliuza motokaa ya umeme iitwayo Ocean, iliyotengenezwa kwa ajili yake mjini Graz, Austria. Watu walianza kukabidhiwa mwaka 2023. Baadhi ya mambo yaliyotangazwa hayakuwa tayari, mojawapo ni kule kushika mwendo yenyewe kwa kufuata motokaa iliyo mbele. Wanunuzi waliambiwa programu itafuata. Machi 2024 bei ya Ocean ya daraja la juu ilishushwa Marekani toka dola 61,499 hata 37,499. Mwezi wa Juni mwaka huo kampuni ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Wenye motokaa wakabaki na swali zito: ikiwa motokaa yaishi kwa maagizo yatokayo kwa kampuni, na kampuni imekufa, nani atayaandika? Ikawabidi waunde chama chao wenyewe ili motokaa zao zisigeuke vyuma vya kukaliwa na kuku. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba akisimama mbele ya mlango uliofungwa.

Basi namjibu yule kijana. Mwuzaji akimwambia mnunuzi mapema kitu gani kimeondolewa, na akawa tayari kumrudishia fedha zake zote, huo si wizi. Lakini mtu aliyengoja miezi mingi, akauza motokaa yake ya zamani, kisha akaambiwa siku chache kabla ya kukabidhiwa, uhuru wake wa kukataa ni mdogo. Atakwenda kazini kwa miguu? Na mara nyingi katika karatasi za mauzo mna mstari mdogo usemao ya kuwa mtengenezaji aweza kubadili vifaa bila kutoa taarifa. Sheria yaweza kumlinda mwuzaji kwa mstari huo, na bado jambo likawa si la haki.

Jambo hili latuhusu na sisi. Wengi wetu hapa Uganda hununua motokaa zilizotumika toka Japani kwa kutazama picha, nazo hupitia Mombasa kabla hatujaziona kwa macho. Kwa hiyo nawapa mashauri matatu niliyoyapata kwa mkono uliovunjika. Kwanza, weka karatasi ya tangazo, na siku ya kupokea uisome mstari kwa mstari mbele ya kitu chenyewe. Pili, usitie sahihi ya "kamili" kwa kitu kisicho kamili. Andika kwa mkono wako kilichokosekana, na mwuzaji naye atie sahihi. Tatu, kilichopo ndicho cha kulipiwa. Mtu akisema "itakuja," mwambie kwa adabu ya kuwa na fedha ya sehemu hiyo itakuja pia, siku moja na kitu chenyewe.

Tena baadhi yenu mtakuwa watengenezaji. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere walionyesha motokaa yao ya umeme, Kiira EV, na wengine wenu mtaifuata njia hiyo. Siku mtakapoandika tangazo la mashini yenu, kumbukeni ya kuwa mahali fulani yupo mzee aliyeuza kahawa yake, anaisoma picha ile ukutani na kuamini kila kilichomo. Ahadi ni deni.