Maandalizi ya Mwajiri Kabla ya Kumwachisha Kazi Mfanyakazi

Uamuzi wa kumwachisha kazi mfanyakazi ni miongoni mwa maamuzi mazito ambayo mwajiri huyafikia, kwani humgusa mtu katika riziki yake, heshima yake mbele ya jamii na uwezo wake wa kuwatunza wanaomtegemea. Ndiyo maana sheria za kazi za Tanzania Bara hazitosheki na kuuliza kama mwajiri alikuwa na sababu, bali huuliza pia alifuata njia gani kabla ya kuufikia uamuzi huo. Waajiri wengi huyachukulia maandalizi kuwa ni kukusanya barua na mihtasari baada ya kuwa wamekwisha kuamua moyoni, ilhali maandalizi yanayotambuliwa na sheria, na yanayostahili kuitwa ya haki, ni yale yanayofanywa wakati mwajiri bado yuko tayari kubadili mawazo yake.

Msingi wa jambo hili umo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ikifuatana na Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, ambazo hufafanua hatua kwa hatua yale ambayo sheria imeyataja kwa jumla. Sheria hiyo inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kusitisha ajira ni halali, kwamba ni ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa haki. Mzigo wa kuthibitisha hayo uko kwa mwajiri, kwa maana kwamba mfanyakazi akishalalamika, si yeye anayepaswa kuonyesha kuwa ameonewa, bali ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kuwa hakuonea. Wazo hili linalingana na Mkataba Namba 158 wa mwaka 1982 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioridhiwa na Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao unakataza kumwachisha kazi mtu bila sababu halali au kabla ya kumpa nafasi ya kujitetea.

Kazi ya kwanza ya mwajiri, basi, ni kuitambua sababu yenyewe kwa usahihi, kwa kuwa kila aina ya sababu ina utaratibu wake. Sheria inazitaja sababu zinazohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na wenzake kazini, na mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Mfano ni mtunza stoo ambaye bidhaa zake zimeonekana kupungua. Ikiwa alizichukua, suala ni utovu wa nidhamu. Ikiwa hakufundishwa namna ya kujaza leja, suala ni uwezo. Na ikiwa stoo ina funguo walizonazo watu watatu, huenda hana kosa lolote. Mwajiri anayeandika barua ya tuhuma kabla ya kuyatenganisha mambo haya huanza safari kwa njia isiyo yake, na makosa ya mwanzo huo humfuata mpaka mwisho. Zaidi ya hayo, ziko sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa za haki, zikiwemo ujauzito, ulemavu, uanachama wa chama cha wafanyakazi na kushiriki mgomo halali.

Tuhuma ikihusu mwenendo, hatua inayofuata ni uchunguzi, yaani kutafuta ukweli kabla ya kumshitaki mtu, na si kutafuta ushahidi wa kumtia hatiani. Mchunguzi hupaswa kujua kama kanuni inayodaiwa kuvunjwa ipo, kama ni wazi na ya busara, kama mfanyakazi aliifahamu, na kama imekuwa ikitumika kwa usawa kwa watu wote, kwa sababu kanuni iliyofumbiwa macho kwa mmoja haiwezi kuwa kali ghafla kwa mwingine. Tuhuma zikiwa nzito, mwajiri anaweza kumsimamisha kazi mfanyakazi wakati uchunguzi ukiendelea, ila kwa malipo kamili, kwa kuwa kusimamishwa ni hatua ya kulinda uchunguzi na si adhabu.

Uchunguzi ukionyesha kuwa kuna jambo la kujibiwa, mfanyakazi huarifiwa tuhuma zake kwa namna na lugha anayoweza kuielewa. Sharti hilo lina uzito mahali pa kazi ambapo barua huandikwa kwa Kiingereza na wanaozipokea ni walinzi, madereva au wafanyakazi wa mashambani, kwa kuwa mtu hawezi kujitetea dhidi ya jambo asilolifahamu. Kisha hupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, naye ana haki ya kusaidiwa katika kikao na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Kikao cha nidhamu huongozwa na mtu wa ngazi ya juu ya kutosha ambaye hakuhusika katika tukio lenyewe, maana aliyetoa tuhuma hawezi kuwa ndiye anayeamua. Mfanyakazi hupewa nafasi ya kujibu, kuwahoji mashahidi na kuleta wake, na akionekana ana kosa, husikilizwa tena kuhusu adhabu inayofaa. Hatua hii ya mwisho hurukwa mara nyingi, ingawa ndipo muda wa utumishi, rekodi ya nyuma na hali ya mhusika hupimwa. Kosa la kwanza, kwa kawaida, halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usiweze kuendelea, kama vile ukosefu mkubwa wa uaminifu, uharibifu wa mali wa makusudi, au kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi.

Utendaji duni una njia nyingine, kwa kuwa anayeshindwa kazi si sawa na anayeikaidi. Mwajiri hutakiwa kuchunguza chanzo cha udhaifu, kumweleza mfanyakazi kiwango kinachotarajiwa, kumpa mwongozo na mafunzo panapohitajika, na kumwachia muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwondoa. Hata aliye katika kipindi cha majaribio hupaswa kuelezwa mapungufu yake na kupewa nafasi ya kuyajibu.

Upunguzaji wa wafanyakazi, ambao hutokana na mahitaji ya kiuchumi, ya kiteknolojia au ya muundo wa kampuni, huhitaji maandalizi ya mapema kuliko yote, kwa sababu wanaoondolewa hawana kosa. Mwajiri hutoa taarifa ya kusudio mara tu anapolifikiria jambo hilo, hutoa habari zinazohusika, na hushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu, njia za kuliepuka, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda na malipo. Mashauriano hayo hayana maana iwapo orodha ya majina imekwisha kuchapwa.

Mwajiri hupaswa pia kupanga mapema yale yatakayofuata iwapo uamuzi utakuwa wa kusitisha ajira. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, wala haitolewi mfanyakazi akiwa likizo. Aliyetumikia mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu. Huongezwa malipo ya likizo ambayo haijachukuliwa, gharama za usafiri hadi mahali alikoajiriwa ikiwa ni kwingine, na cheti cha utumishi, ambacho kwake ni nyenzo ya kutafuta kazi nyingine.

Mfanyakazi asiyeridhika ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoanza kwa usuluhishi kisha uamuzi, na shauri laweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri akishindwa, anaweza kuamriwa amrudishe mfanyakazi kazini au amlipe fidia, ambayo sheria ilipotungwa iliwekwa kuwa haipungui mshahara wa miezi 12. Hata hivyo, woga wa fidia ni sababu ndogo ya kujiandaa. Sababu kubwa ni kwamba uchunguzi wa kweli na usikilizaji wa kweli humwezesha mwajiri kuona kama tatizo liko kwa mtu, kwa msimamizi wake au katika utaratibu wa kazi, na humhakikishia anayeondoka, pamoja na wale wanaobaki wakitazama, kwamba hakuna anayehukumiwa kabla ya kusikilizwa.