Robin Hood wa Sinema na Chakula cha Mkulima

Kati ya hadithi za Uingereza zilizotiwa katika sinema, hakuna iliyo rahisi kufahamika huku kwetu Goma kama ile ya Robin Hood. Mwanafunzi wetu hana haja ya kuelezwa msitu wenye watu wa silaha ni kitu gani, wala kizuizi cha njiani, wala mtoza kodi asiye na huruma. Katika filamu mashuhuri ya mwaka 1938, maskini mmoja aitwaye Much akamatwa kwa kosa la kumpiga mshale kulungu wa mfalme. Mtu aliyezaliwa kando ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, atalielewa jambo hilo upesi: msitu uko mbele ya mlango wake, nao si wake. Basi yafaa tuitazame hadithi hii kwa makini zaidi kuliko watu wa Ulaya, ambao kwao imekuwa mchezo tu wa kofia yenye unyoya.

Filamu zenyewe ni nyingi, nasi hatutazitaja zote. Mwaka 1922 Douglas Fairbanks alimcheza Robin katika filamu isiyo na sauti, akirukaruka juu ya kuta za ngome kubwa iliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Mwaka 1938 akaja Errol Flynn, kwa rangi zinazong'aa hata leo, na filamu yake ikapata tuzo 3 za Oscar. Walt Disney alitoa ya kwake mwaka 1952. Na kuanzia mwaka 1955 televisheni ya Uingereza ilionyesha sehemu 143 za Richard Greene. Baadaye wakafuata Kevin Costner mwaka 1991, Russell Crowe mwaka 2010, na wengine.

Ya watoto ni ile ya mwaka 1973, ambamo Robin ni mbweha, na liwali wa Nottingham, yaani mkuu wa serikali pale, ni mbwa mwitu. Liwali huyo amnyang'anya sungura mdogo sarafu moja aliyopewa kwa sikukuu ya kuzaliwa kwake. Tena aingia kanisani na kuchukua sarafu iliyomo katika sanduku la maskini. Watoto hucheka. Mama zao, waliowahi kupita vizuizi wakiwa na mzigo wa maharage kutoka Rutshuru, hawacheki sana.

Lakini Robin wa kale hakuwa huyu wa sinema. Katika shairi lililoandikwa karibu mwaka 1377, William Langland amtaja padri mvivu asiyeijua vizuri sala ya Baba Yetu, ila azijua nyimbo za Robin Hood. (Mapadri wetu watatusamehe.) Na utenzi mrefu uitwao A Gest of Robyn Hode ulipigwa chapa karibu mwaka 1500. Humo Robin si mtoto wa watukufu. Ni mtu huru wa kawaida. Asikiliza Misa tatu kila siku, na ya tatu ni kwa heshima ya Bikira Maria. Na kwa kumpenda Mama huyo hathubutu kulidhuru kundi lo lote la wasafiri ambamo yumo mwanamke. Tena awapa watu wake amri: mkulima anayelima shamba lake asiguswe. Wa kupigwa na kufungwa ni maaskofu, na wa kutosahauliwa kamwe ni liwali wa Nottingham. Ni neno kali kwa gazeti kama letu, lakini ndivyo lilivyoandikwa.

Sinema ilifanya nini na mtu huyo? Kwanza ilimvika cheo. Fairbanks ni mtemi wa Huntingdon, Flynn ni mtukufu wa Locksley. Kana kwamba mtu wa kawaida hawezi kuijua haki mpaka awe amezaliwa katika nyumba kubwa. Jambo la pili ni zito zaidi kwetu. Katika filamu ya 1938 ugomvi wote ni wa makabila mawili: Wasaksoni waliokuwa wenyeji, na Wanormani waliovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066. Katika utenzi wa kale ugomvi huo haumo kabisa. Aliyeutia nguvu ni mwandishi Walter Scott, katika kitabu chake Ivanhoe kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1819, akamweka Robin upande wa Wasaksoni. Ndiyo kusema mtu aliketi mezani pake, akachukua ugomvi wa njaa na dhuluma, akaugeuza kuwa ugomvi wa damu. Huku Kivu twaijua kazi hiyo. Imefanywa hapa pia, na watu ambao si waandishi wa riwaya.

Haki yatudai tuseme kwamba filamu ile ile inajisahihisha. Binti Marian, anayependwa na Robin, ni Mnormani. Na watu wa msituni wanakula kiapo cha kuwalinda wanawake wote, wa kabila hili na wa kabila lile. Hata katika televisheni ya Uingereza mwaka 1984, na katika filamu ya Costner, kundi la Robin limempata Mwislamu kutoka nchi za mbali. Yule wa 1991 ni mtu mweusi, aliyechezwa na Morgan Freeman, naye aonekana mwenye elimu kuwapita wenzake.

Kilichopotea ni mkulima. Katika sinema watu wa msituni huketi usiku wakila nyama na kucheka. Mkate umetoka wapi? Pombe imeletwa na nani? Hatuonyeshwi. Huku kwetu wanaoweza kujibu ni wakulima wa Masisi, wa Walikale na wa Rutshuru. Tangu miaka ya 1990 vikundi vingi vimeingia msituni, kila kimoja kikijitangaza kuwa mlinzi wa wananchi, na majina mengine ni ya kupendeza: Raia Mutomboki, yaani raia waliokasirika, au Wazalendo. Hatuwahukumu wote kwa neno moja. Wako walioshika silaha baada ya kuona nyumba za wazazi wao zikiteketea. Lakini vikundi mbalimbali vimemtoza mkulima mchango uitwao «lala salama», alipe ili alale bila kuvamiwa. Amelipa tena njiani akienda sokoni. Na mwanawe amechukuliwa akafanywa kadogo, askari asiye na umri wa kunyoa ndevu. Amri ile ya utenzi, kwamba mkulima asiguswe, ndiyo iliyomtenga Robin na jambazi. Filamu ikiiacha, imebaki na upinde tu.

Wasomaji wengine watasema kwamba tunaipa sinema uzito isiokuwa nao. Na wakumbuke Léopoldville ya miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichuja filamu ambazo Waafrika waliruhusiwa kuzitazama. Hata hivyo zile za wachunga ng'ombe wa Marekani zilipita, na vijana wa vitongoji wakazipokea kwa moyo wote. Wakajiita Bills, kwa ajili ya Buffalo Bill, wakavaa kama alivyovaa, wakagawana mitaa na kupigana kwa ajili ya mitaa hiyo, wakajitungia hata lugha yao, Hindubill. Padri Jozef de Laet, wa shirika la Scheut, hakuwalaani kutoka mbali. Aliingia kati yao, akajifunza lugha yao, nao wakamwita Père Buffalo. Twamsifu kwa hilo: alijua kwamba kijana aliyejichagulia shujaa hawezi kunyang'anywa kwa fimbo.

Kwa wanafunzi wakubwa (si kwa watoto) twaitaja filamu moja zaidi, Robin and Marian ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Richard Lester. Sean Connery ni Robin mzee, anayerudi kutoka vitani baada ya miaka 20 akiwa na magoti mabovu. Marian, aliyechezwa na Audrey Hepburn, amekwisha kuwa mtawa. Watu wa vijiji wasikia kwamba Robin amerudi. Wanaacha kazi zao, wanaingia msituni kwa ajili ya jina lake. Robin apigana na liwali, mtu kwa mtu, na kumshinda. Kisha askari wawashukia wale wanavijiji, na mambo yao yaharibika kabisa. Mwisho wa filamu una sumu, jambo ambalo Kanisa haliwezi kulikubali. Lakini ile sura ya wanakijiji wanaolipa deni la sifa ya mtu mmoja ni ya kweli kuliko panga zote za Hollywood.

Imebaki hadithi moja ya utenzi ambayo filamu hizo kubwa zimeipita. Mtukufu mmoja fukara, mwenye nguo mbovu, aletwa mbele ya Robin na kulishwa vizuri. Kisha aulizwa ana fedha kiasi gani. Asema shilingi kumi tu. Little John atandika joho chini, ahesabu, na kweli ni kumi. Mtu huyo ameweka ardhi yake rehani kwa abati wa Mtakatifu Maria, York, kwa paundi 400, apate kumwokoa mwanawe. Robin amkopesha zote. Na kwa kuwa hana mdhamini, Bikira Maria mwenyewe akubaliwa kuwa mdhamini. Baadaye apita mmonaki wa abasia ile ile. Aulizwa swali lile lile, asema ana marki 20. Joho latandikwa, na zapatikana paundi zaidi ya 800, zinachukuliwa zote. Mtukufu anaporudi kulipa, Robin azikataa fedha zake: Bikira Maria, asema, amekwisha kulipa maradufu.

Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mwongozaji wa sinema Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha vijana wengi wa Goma kushika kamera. Hadithi ya mkopo haidai ngome wala farasi mia. Yadai barabara, mti mkubwa, joho la kutandika chini, na mtu anayeulizwa njiani ana fedha kiasi gani. Wa kuicheza sehemu hiyo bila kufundishwa wapo katika kila gari linaloshuka kutoka Masisi.