Mwanafunzi aeleze kwa Kiingereza anachopenda na asichopenda likizoni

SHULE zinapofunguliwa mwezi Januari, walimu wengi wa Kiingereza huanza muhula kwa swali lile lile: likizo ilikuwaje? Jibu la wanafunzi wa madarasa ya chini huwa neno moja tu, 'fine', kisha kimya kinatanda.

Kimya hicho hakimaanishi kwamba mtoto hana la kusema. Anayo mengi, ila swali limemzidi kimo. Linadai masimulizi marefu katika wakati uliopita, ambao anayeanza kujifunza lugha hajaumudu.

Swali jepesi zaidi ni lile la anachopenda kufanya likizoni na asichopenda. Hapo mwanafunzi anahitaji wakati uliopo tu na kitenzi kimoja, 'like'. Hata hivyo, wepesi huo una mitego yake, na mwalimu anayeijua mapema huokoa muda mwingi.

Mtego wa kwanza umo katika neno lenyewe. Kiingereza husema 'holiday' pale ambapo Kiswahili kina maneno mawili: likizo, yaani kipindi ambacho shule zimefungwa, na sikukuu, kama vile Krismasi, Idi au Jamhuri, ambayo huadhimishwa Desemba 12.

Mwalimu asipotenganisha maana hizo, mwanafunzi mmoja atazungumzia mwezi wa Agosti na mwenzake siku ya kuchinja mbuzi. Ni bora likizo iitwe 'school holidays' katika somo zima, na kila sikukuu itajwe kwa jina lake.

Mtego wa pili ni wa sarufi. Neno 'sipendi' hubeba mtendaji, ukanushi na kitendo kwa pamoja. Kiingereza huugawa mzigo huo kwa maneno matatu, 'I don't like', na ndiyo sababu wanaoanza husema 'I not like'.

Kadhalika, Kiswahili huweka kiambishi cha nafsi hata baada ya mtu kutajwa, kama katika 'mama anapenda'. Kutokana na mazoea hayo mtoto husema 'My mother she likes'. Na kwa kuwa kiambishi hicho hakibagui jinsia, shangazi huweza kuitwa 'he' na mjomba 'she'.

Kiambishi '-na-' nacho huleta utata. 'Ninapenda' hufanana kwa umbo na 'ninakula', hivyo mwanafunzi huona ni sawa kusema 'I am liking'. Yafaa aelezwe kwamba Kiingereza hutumia 'I like' kwa jambo analolipenda siku zote.

Makosa haya si dalili ya uzembe. Yanaonyesha kwamba mtoto anafikiri kwa lugha anayoijua. Sentensi ya Kiswahili na ya Kiingereza zikiandikwa sambamba ubaoni, tofauti huonekana bila maelezo marefu.

Kwa upande wa kitendo, inatosha kufundisha umbo moja: 'I like swimming', 'I like reading'. Ni kweli kwamba 'I like to swim' pia ni sahihi, lakini umbo la kwanza litamfaa mwanafunzi baadaye atakapokutana na 'enjoy', ambalo halikubali lile la pili.

Aidha, maswali yaanze kwa 'Do you like', wala si kwa ukanushi. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili, 'Hupendi kuchunga mbuzi?' naye hapendi, huweza kujibu 'Ndiyo, sipendi', akimkubalia muulizaji. Kiingereza hudai 'No, I don't'. Tofauti hiyo iachiwe madarasa ya juu.

Lakini sarufi pekee haitoshi kuuvunja ukimya. Vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza huonyesha likizo ya hoteli za ufuoni, ndege na mabegi ya safari. Mtoto aliyeshinda Agosti nzima akichunga mbuzi Turkana, akisaidia kuchuma chai Kericho au akienda madrasa Lamu haioni likizo yake ukurasani. Huamua kwamba hana la kusema, au hutunga uongo.

Kwa hiyo msamiati utoke kwa wanafunzi. Mwalimu awaulize kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani wanayofanya shule zikifungwa, kisha awape Kiingereza chake: 'herding goats', 'picking tea', 'fetching water', 'fishing', 'visiting my grandmother'. Maneno manane yanatosha kwa kipindi cha nusu saa.

Kusema asichopenda huwa kugumu zaidi. Watoto wengi wamelelewa wakijua kwamba kumwambia mkubwa 'sipendi' ni utovu wa adabu. Mwalimu na aanze yeye mwenyewe, pengine kwa kusema 'I don't like washing clothes', ili darasa lielewe kwamba hapa si kukataa kazi bali ni kueleza hisia.

Busara pia inahitajika. Si kila likizo ni ya furaha, na kuna nyumba ambazo mtoto hangependa kuzizungumzia mbele ya wenzake. Asilazimishwe kutoa sababu, na aruhusiwe kuchagua jambo dogo, kama kuamka mapema au kula maharagwe kila siku.

Baada ya mazoezi ya pamoja, kila mwanafunzi achore jedwali la vitendo vinne, kisha awaulize wenzake watatu na kutia alama ya ndiyo au la. Mwishowe atoe ripoti kuhusu mmoja wao: 'She likes fishing, but she doesn't like fetching water.' Hapo ndipo ile 's' ya nafsi ya tatu, ambayo husahauliwa sana, hupata kazi ya kweli.

Zoezi hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Chini ya mtaala wa umilisi, Kiingereza ni somo tu katika Gredi za 1 hadi 3, lakini kuanzia Gredi ya 4 ndicho lugha ya kufundishia masomo mengine. Mtoto anayefika huko bila kuzoea kusema lake kwa Kiingereza atanyamaza katika Sayansi na Hisabati pia.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwanafunzi aliyejua kusema kwamba anapenda kuvua samaki na hapendi kuchota maji ameshapata sentensi mbili zilizo zake, na atakaposhindwa na ya tatu, atauliza.