UMEME UNAOVUJA MAJUMBANI: NAMNA YA KUUTAMBUA NA HATUA ZA KUCHUKUA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa kuwa jokofu, pasi, birika la umeme au hita ya maji inayomtetemesha mtu anapoigusa si jambo la kawaida, ingawa wengi wamelizoea. Mtetemo huo ni taarifa kwamba umeme umetoka katika njia yake. Kuvaa kandambili kabla ya kufungua jokofu ni kuificha taarifa hiyo tu, na atakayeligusa siku ya pili huenda akawa mtoto aliyetoka kuoga.

Mfano wa kata ya Kibaoni, katika mji wa Ifakara, Mkoa wa Morogoro, unafaa kuzingatiwa hata na wakaazi wa visiwani. Eneo la Bonde la Kilombero lina mitambo ya maji ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na ya Kihansi, yenye megawati 180, ambayo hulisha Gridi ya Taifa. Kutoka gridi hiyo Unguja ilianza kupokea umeme kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba mwaka 2010. Umeme unaofika majumbani ni wa volti 230 kote, na hatari yake ni moja. Kinachotofautiana ni ardhi.

KAZI YA WAYA WA ARDHI

Plagi ya pini tatu ina pini moja ndefu zaidi, iliyo juu. Hiyo ndiyo ya waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi. Huingia kwanza na kutoka mwisho, ili chombo kisipate umeme kamwe bila kinga. Waya huo, wenye rangi ya kijani na manjano, huunganisha bati la chombo na fimbo ya chuma iliyochimbiwa nje ya nyumba. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, umeme hupata njia ya kwenda ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu.

Njia hiyo hufaa iwapo fimbo imeshikana vyema na udongo. Wakati wa masika udongo wa Bonde la Kilombero hulowa, na umeme hupita kwa wepesi. Kuanzia Juni hadi Oktoba udongo wa juu hukauka, na fimbo fupi hubaki katika vumbi. Visiwani, penye mawe ya matumbawe na udongo mchache, shida hiyo yaweza kudumu mwaka mzima.

Ichukuliwe nyumba ambayo fimbo yake ina ukinzani wa omu 40, na upande wa transfoma omu 10. Umeme ukivuja wote, mkondo utakuwa ampia 4.6 tu. Fyuzi ya ampia 13 haitakatika, na bati la chombo litabaki na volti 184. Aidha, karibu uniti moja itapotea kila saa. Hivyo, uniti za LUKU zinazokwisha ghafla bila sababu ni dalili isiyopaswa kupuuzwa.

NAMNA YA KUBAINI KASORO

Mara mtu anapohisi mtetemo, azime swichi ya ukutani, achomoe plagi, na asirudie kugusa kwa majaribio. Kisha yaangaliwe haya:

(a) Iwapo ni chombo kimoja tu kinachotetemesha, yamkini kinavuja, na waya wake wa ardhi umekatika ndani ya plagi au ya chombo chenyewe. Kisitumike mpaka kitengenezwe.

(b) Iwapo ni vyombo kadhaa, au hata bomba la maji, kasoro huenda iko katika fimbo au waya wake. Hapa wengi hukosea. Nyaya za ardhi za nyumba nzima zimeungana. Fimbo ikiwa mbovu, umeme unaovuja katika birika hufika hadi kwenye jokofu lililo zima, nalo likalaumiwa bure. Fundi apime kwa mita huku vyombo vikichomolewa kimoja kimoja, apate kukijua kinachovuja. Baada ya hapo zimebaki kasoro mbili za kurekebishwa, si moja.

(c) Iwapo taa pia huwaka kwa nguvu mno kisha kufifia, swichi kuu izimwe na TANESCO, au ZECO kwa Zanzibar, ipewe habari mara moja.

Ieleweke kuwa testa ya kalamu huwaka hata kwa umeme hafifu usiodhuru, na yaweza kutowaka penye hatari. Isitegemewe peke yake.

MAMBO YA KUEPUKWA

Baadhi ya watu huchomeka kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi ili kuingiza plagi ya pini mbili. Wengine huikata pini ndefu, au huufungua waya wa ardhi ili mtetemo ukome. Vitendo hivyo huondoa kinga na kuiacha kasoro palepale.

TIBA YA KUDUMU

Fimbo ichimbiwe hadi kwenye udongo wenye unyevu, na ipimwe wakati wa kiangazi, sio masika. Pia iwekwe swichi inayokata umeme unapovuja, yenye alama ya miliampia 30. Swichi hiyo haingoji ampia nyingi kama fyuzi. Hukata kabla moyo haujadhurika. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe kwa mikono. Izimwe swichi kuu kwanza. Isipowezekana, asukumwe kwa mti mkavu, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama anaonekana mzima.

Wakuu wa ofisi wanakumbushwa kuwa birika la ofisini na mashine ya kunakilia zinahusika sawa na vyombo vya nyumbani. Taarifa ya mtetemo itolewe siku hiyohiyo, na chombo kiwekwe kando hadi kikaguliwe.