Umri wa Nyasi na Mbweu ya Ng'ombe

Ng'ombe aliyelala kivulini mchana hufanya mambo mawili, na Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa yote mawili. Kucheua ni kurudisha majani mdomoni na kuyatafuna upya. Kucheua pia ni kutoa hewa ya tumbo kwa njia ya kinywa, yaani kupiga mbweu. Waliotuachia neno hili hawakuwa na maabara, lakini waliyaweka pamoja mambo ambayo sayansi imekuja kuthibitisha kwamba chanzo chake ni kimoja: majani magumu yanayochachuka tumboni.

Kila dakika moja au mbili ng'ombe hutoa mbweu, na ndani yake mna methani. Watu wengi hudhani gesi hiyo hutokea nyuma ya mnyama, kumbe takribani asilimia 95 hupitia mdomoni na puani. Haina rangi wala harufu. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani hulipasha anga joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ingawa kwa wastani yenyewe haidumu hewani zaidi ya miaka 12 hivi. Ndiyo sababu wanasayansi wa tabianchi wanaiangalia kwa makini: ikipunguzwa leo, nafuu yake huonekana mapema.

Mfugaji ana sababu yake nyingine, nayo ni ya karibu zaidi. Mwaka 2006 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria kwamba ng'ombe wa Afrika asiyekamuliwa kibiashara hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Nishati iliyomo ndani ya kilo hizo inakaribia ile ya mitungi sita ya gesi ya kupikia, ile midogo ya kilo 6. Nishati hiyo haikutoka hewani. Ilitoka kwenye majani ambayo mtu aliyakata, akayafunga mzigo, akayabeba kichwani hadi bandani, au ambayo mchungaji aliyafuata kwa kilomita nyingi juani. Ingeweza kuwa maziwa. Ingeweza kuwa nyama mgongoni mwa ndama.

Kwa nini basi inapotea? Jibu limo ndani ya tumbo la kwanza, lile ambalo ukuta wake wa ndani una vinyweleo kama taulo. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo hubeba lita 100 hadi 200 za majani, maji na mate, joto lake likiwa nyuzi 39 hivi, bila oksijeni ya maana. Ni pipa la kuchachushia. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi, ile kabohaidreti inayoupa ukuta wa seli za majani ugumu wake. Kazi hiyo amewaachia bakteria, kuvu na viumbe wengine wadogo, naye huishi kwa kile wanachokitupa: asidi fupi zinazopenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Mmarekani Robert Hungate, aliyeiweka elimu ya vijidudu vya tumbo hili kwenye misingi imara, alifanya pia kazi kwa wanyama wa Afrika Mashariki, na mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa uchachukaji ndani ya matumbo ya ng'ombe wetu wa zebu na ya wanyamapori.

Asidi hizo si sawa, na hapa ndipo aina ya kabohaidreti inapoanza kuamua mambo. Kabohaidreti zote, ziwe sukari, wanga au selulosi, huvunjwa kwanza hadi kuwa sukari sahili kama glukosi. Kutoka hapo njia hugawanyika. Molekuli moja ya glukosi ikigeuzwa kuwa asetati, hubaki molekuli nne za haidrojeni. Ikigeuzwa kuwa propionati, haidrojeni haibaki. Kinyume chake, mbili hutumika. Haidrojeni ikijaa, uchachukaji wote hudorora, kwa hiyo lazima pawe na wa kuizoa. Wazoaji ni arkea, viumbe wa kale wanaofanana na bakteria lakini si bakteria. Wao huchukua haidrojeni nne na hewa ukaa moja, wakaunda methani moja na maji. Hesabu inatimia: glukosi moja ikifuata njia ya asetati, methani moja huenda angani.

Arkea hawa si adui. Bila wao ng'ombe asingeweza kuishi kwa majani kama tunavyomjua. Wala asetati si taka, kwa kuwa mafuta ya maziwa hutokana nayo kwa sehemu kubwa. Lakini propionati ina heshima ya pekee: huenda kwenye ini, ikageuzwa glukosi, na glukosi hiyo ndiyo inayotengeneza sukari ya maziwa. Njia inayopunguza haidrojeni ndiyo hiyo hiyo inayojaza ndoo.

Vijidudu hufuata njia gani inategemea wamelishwa nini. Selulosi na jamaa yake hemiselulosi huchachuka polepole, na bakteria wanaoziweza huelekea zaidi upande wa asetati. Wanga na sukari huchachuka haraka, uchachu wa tumbo hupanda, propionati huongezeka na arkea hukosa raha. Ndiyo maana ng'ombe anayelishwa nafaka nyingi kule Marekani hupoteza kwa njia ya methani sehemu ndogo ya nishati ya chakula, wakati mwingine asilimia 3 tu, ilhali anayekula majani matupu hupoteza asilimia 6 au 7. Hatuwezi kuiga jambo hilo, na sioni kwa nini tutamani. Mahindi ni ugali wa watu. Tena nafaka ikizidi, tumbo huchachuka kupita kiasi na mnyama huugua. Swali letu ni jingine: ndani ya majani yenyewe kuna nafasi gani?

Kwanza tukubali kwamba nyasi zetu zina kazi ngumu. Nyasi za nchi za joto, kama mabingobingo, ukoka, Rhodes na brakiaria, hutengeneza chakula chao kwa njia ya usanisinuru inayostahimili jua kali, na majani yake yamejengwa kwa mishipa mingi yenye kuta nene. Zikikomaa, nyuzinyuzi hufikia asilimia 65 hadi 75 ya uzito mkavu, na sukari hubaki kidogo. Nyasi za nchi za baridi, kwa mfano raigrasi ya Ulaya, zina kuta laini na zinaweza kubeba sukari ya asilimia 20. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Archimède, wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walikusanya majaribio mengi na kuyalinganisha. Kwa kila kilo ya chakula, mifugo iliyokula nyasi za joto ilitoa methani asilimia 17 zaidi ya iliyokula nyasi za baridi. Lakini kulikuwa na habari nyingine ndani ya hesabu hiyo, nami nitairudia: mikunde ya nchi za joto ilikuwa bora kuliko nyasi za joto.

Huko kwenye baridi wamejaribu kuongeza sukari moja kwa moja. Aberystwyth, Wales, wamezalisha raigrasi zenye sukari nyingi. Matokeo yake upande wa methani yamekuwa ya kupanda na kushuka, kwa sababu sukari huweza pia kufuata njia ya asidi nyingine, butirati, ambayo nayo huacha haidrojeni. New Zealand walipata jambo la wazi zaidi: kondoo waliolishwa majani ya repu, mmea wa ukoo wa kabichi na sukuma wiki wenye kabohaidreti laini nyingi na nyuzinyuzi chache, walitoa methani pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko waliokula raigrasi.

Turudi nyumbani, ambako naamini mwenye uamuzi mkubwa si mbegu bali siku ya kukata.

Chukua mabingobingo, ambayo Wakenya huyaita nepia. Maofisa ugani hushauri yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi, kila baada ya wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua. Pita vijijini uone. Yanaachwa hadi yampite mtu kimo, mita mbili au tatu, kwa sababu shina refu hujaza mkokoteni na mzigo huonekana mkubwa. Kinachoongezeka hapo ni bua. Mmea unapozeeka, sukari na protini hupungua, selulosi huongezeka, na katikati ya selulosi huingia lignini, gundi ngumu ambayo hakuna kijidudu wa tumboni anayeiweza. Lignini haichachuki, kwa hiyo yenyewe haitoi methani. Balaa lake ni kufungia chakula. Tumbo linajaa, majani yanakaa siku nyingi yakichachuka taratibu kwa njia ya asetati, na mnyama hawezi kula zaidi kwa sababu hana nafasi. Sehemu kubwa ya hicho kidogo anachopata inaishia kwenye kumweka hai tu.

Hapa pana mtego wa vipimo, na inafaa tukae nao kidogo. Ukipima methani kwa kila kilo ya chakula kilicholiwa, tofauti kati ya majani machanga na makuukuu inaweza kuonekana ndogo, kwa kuwa yale makuukuu hayachachuki yote. Ukipima kwa siku, ng'ombe anayekula vizuri anaweza hata kutoa methani nyingi zaidi, maana anakula zaidi. Lakini pima kwa lita ya maziwa. Tuchukue mfano wa ng'ombe wawili: mmoja anatoa kilo 60 za methani kwa mwaka na lita 1,000 za maziwa, mwingine kilo 80 na lita 3,000. Wa kwanza amegharimu gramu 60 za methani kwa kila lita, wa pili chini ya gramu 27. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kila kilo ya maziwa duniani hubeba gesijoto sawa na kilo 2.4 za hewa ukaa kwa wastani. Kusini mwa Sahara ni kilo 7.5 hivi. Idadi hiyo haisemi kwamba ng'ombe wetu ni wachafu. Inasema wana njaa.

Njaa yenyewe imepimwa. Jijini Nairobi, kwenye kituo cha Mazingira cha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, kuna vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingia, hula na kulala huku kila pumzi yake ikipimwa. Watafiti waliwaweka humo madume machanga ya Boran na kuwapunguzia chakula, kama kiangazi kinavyowafanya malishoni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba waliokatiwa chakula kwa kiwango kikali walitoa methani zaidi kwa kila kilo waliyokula. Chakula kikiwa kidogo, hukaa tumboni muda mrefu na vijidudu hukifyonza hadi mwisho. Kwa hiyo ng'ombe aliyekonda Septemba, mbavu zikihesabika, anapoteza mara mbili: hana cha kutosha, na katika hicho alicho nacho sehemu kubwa zaidi inaondoka na mbweu.

Wafugaji hawakungoja vyumba hivyo ili waijue hatari ya kiangazi. Wasukuma hufunga ngitili, Wamasai hutenga olopololi: eneo linaachwa mvua zinapoanza, linafunguliwa malisho mengine yakiisha. Ni hekima inayookoa mifugo, nami sitaki kuidharau. Ila nyasi zilizosimama tangu masika hadi kiangazi zimekwisha kuwa makapi yenye lignini. Sehemu ya nyasi hizo ikikatwa zinapoanza kutoa masuke, ikaanikwa na kufungwa marobota, sukari yake nyingi ingehifadhiwa. Hilo linahitaji nguvu kazi wakati ambao kila mkono uko shambani ukipalilia, na yeyote anayeshauri wafugaji wakate hei lazima aliseme hilo pia.

Sasa ile habari ya mikunde. Desmodiamu, lusina na kaliandra zina selulosi kidogo kuliko nyasi, na badala yake zina pektini, kabohaidreti inayochachuka upesi. Vipande vyake huvunjika na kupita haraka, haidrojeni ikapungua. Baadhi yake, kama desmodiamu na kaliandra, zina tanini, ile ladha ya kukaza ulimi kama ya chai kali, ambayo huwabana arkea. Pia huleta protini inayokosekana kwenye nyasi kavu, na bakteria wakipata protini huzivunja hata nyuzinyuzi za bua kwa faida zaidi. Magharibi mwa Kenya wakulima wengi wana desmodiamu tayari: waliipanda katikati ya mahindi kufukuza viwavi na kukandamiza gugu la kiduha, huku nyasi zikipandwa pembezoni kuwavuta wadudu. Brakiaria inayotumika pembezoni humo ina historia ya kusafiri. Asili yake ni Afrika, ilivushwa hadi Brazil ikafunika mamilioni ya hekta za ranchi, ikaboreshwa, na sasa imerudi ilikotoka ikiwa na majani mengi na mabua machache.

Liko jambo moja dogo ambalo halihitaji mbegu wala fedha. Jani hutengeneza sukari na wanga mchana kutwa, na usiku huzitumia kukua. Alfajiri ghala yake iko karibu tupu, jioni imejaa. Hata hivyo majani mengi ya ng'ombe wa bandani hukatwa asubuhi kukiwa na ubaridi, kabla jua halijawa kali kwa mbebaji, ambaye mara nyingi ni mama au kijana anayewahi shule. Kukata jioni hakutaondoa methani kwa kiasi cha kushangaza. Kunampa mnyama kabohaidreti laini zaidi kwenye mzigo ule ule. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la nyasi za feskyu zilizokatwa katika shamba moja, nusu wakati jua linazama na nusu linapochomoza, zikakaushwa kuwa hei. Kisha waliwawekea ng'ombe, kondoo na mbuzi hei zote mbili wachague wenyewe. Wanyama wa aina zote tatu walipendelea hei ya jioni.